Mwenye nguvu ni nani? Habari za kijana wa Kiislamu katika mchezo wa barafuni

 

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa moja baada ya sala, hapa Mji Mkongwe, mzazi mmoja alitufuata barazani akiwa na suala lililomnyima usingizi. Mwanawe wa miaka 16, aliyebakiwa na juzuu chache kuhitimu chuoni, ameitwa na klabu ya mpira ya Dar es Salaam. "Sheikh," alisema, "kijana anaujua mpira, hilo silikatai. Lakini ana hasira. Akiguswa tu, anapigana. Nikimruhusu, si nitakuwa nimemtupa?"

Suala hilo lilitukumbusha habari za Nazem Kadri, mchezaji wa kulipwa wa mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao wengi wetu visiwani hatujapata kuuona. Wachezaji sita kila upande, akiwemo mlinda mlango, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Kumgonga mwenzako kwa bega ni halali katika mchezo huo, ila una mipaka yake. (Msomaji asidhani kuwa barafu haikupata kufika kwetu Afrika Mashariki: mwaka 2005 hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu, na vijana wa Kenya wakaunda timu yao.)

Kadri alizaliwa Oktoba 1990 katika mji wa London, si ule wa Uingereza, bali wa jimbo la Ontario, Kanada. Babu na bibi yake walihamia huko kutoka Lebanon. Mwaka 2009 klabu ya Toronto Maple Leafs ilimchagua akiwa wa 7 kati ya vijana wote waliosajiliwa mwaka huo katika ligi kuu ya Marekani ya Kaskazini, iitwayo NHL. Kwa kijana wa jamii ya wahamiaji, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kipaji kilikuwepo. Kilichomponza ni ghadhabu. Mwaka 2018, katika hatua ya mtoano, alifungiwa mechi 3 kwa kumgonga mpinzani kinyume cha kanuni. Mwaka 2019 akarudia katika hatua hiyo hiyo, kwa kumpiga mtu gongo, akafungiwa mechi zote zilizobakia za raundi ile. Mara zote mbili timu yake ilitolewa na Boston katika mechi ya saba, naye akiwa mtazamaji katika mechi hiyo ya 2019. Julai mwaka huo Toronto wakamuuza Colorado Avalanche. Mtu angedhani amekwishapata somo, lakini Mei 2021 akafanya yale yale, na adhabu ikawa mechi 8.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa nguvu za mtu hazipimwi kwa kuangusha watu katika mieleka, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mitihani ya namna hiyo ilimfika Kadri Mei 2022. Katika mechi ya tatu dhidi ya St. Louis aliteleza hadi akamgonga mlinda mlango, ambaye aliumia. Safari hii waamuzi hawakumpa adhabu yoyote. Lakini usiku ule alimiminiwa vitisho na matusi juu ya asili yake na dini yake, hata polisi wakaingia kati kumlinda. Baada ya siku mbili alirudi uwanjani katika mji ule ule, akizomewa kila aliposhika kisahani. Hakupigana. Alifunga mabao matatu, na timu yake ikashinda 6 kwa 3.

Mwezi uliofuata alivunjika kidole gumba, akapasuliwa, na Juni 22 akarudi katika fainali na kufunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Siku nne baadaye Colorado walitwaa Kombe la Stanley, naye anatajwa kuwa Muislamu wa kwanza kuandikwa jina katika kombe hilo.

Kwa desturi yao kila mshindi hukaa na kombe siku moja, na wengi hulinywea mvinyo. Kadri, Agosti 27, alilipeleka katika msikiti wa Waislamu wa London, mji aliozaliwa. Mwaka mmoja kabla, Juni 6, 2021, mtu mwenye chuki aliigonga kwa gari, kwa makusudi, familia ya Kiislamu iliyokuwa ikitembea jioni katika mji huo. Wanne walikufa, akabaki mtoto mdogo. Familia hiyo ilikuwa ya jamaa wa msikiti huo. Watoto walipanga safu siku ile kupiga picha na mtu wao. Kwa wenye kuuliza michezo ina nini na msikiti, tunawakumbusha Wahabeshi waliocheza na mikuki katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Bibi Aisha (R.A.) akiwatazama.

Basi mzazi wetu tulimwambia hivi. Mpira si haramu kwa asili yake. Mkataba ausome mwanasheria kabla kijana hajatia saini, na muulize mapema juu ya sala ya Ijumaa siku za mazoezi, na juu ya nembo ya kifuani, kwani makampuni ya kamari yameenea mno katika jezi za siku hizi. Asiiache skuli, na juzuu zilizobakia atafutiwe mwalimu huko huko. Ama hasira, asingoje klabu imfundishe. Aanze leo alasiri, Mnazi Mmoja, kwa wenzake. Akichezewa vibaya, atoke nje ya mstari, akae chini, anywe maji, ndipo arudi.

Mzazi alituuliza kama kukaa chini huko ni katika Sunna. Tulimjibu kuwa ndiyo, mwenye kughadhibika akiwa amesimama ameelekezwa akae, na hiyo imo katika Abu Daud. Alicheka, akasema kuwa mwanawe hajapata kukaa chini tangu alipojua kutembea. Jumatatu wanavuka kwa boti ya asubuhi, na ami yake kijana, ambaye ni wakili, anafuatana nao.