Kasuku akiponyoka, hutafutwa mtini kwanza

KASUKU wa kijivu anapoponyoka mlangoni na kupaa juu ya minazi ya Kikambala, mwenyewe huona kuwa amekwisha kumpoteza. Mara nyingi sivyo. Ndege huyo huwa yu mtini, si mbali na nyumbani, na linalomzuia kurudi ni hofu ya kushuka.

Ndege aliyelelewa tunduni hujua kupanda kabla ya kujua kushuka. Kuteremka kutoka kilele cha mnazi au mvinje ni ujuzi ambao ndege wa mwituni huupata angali mdogo, na aliyefungiwa chumbani hana pa kujifunzia. Ndiyo maana hukaa huko juu akipiga kelele, na chakula chake akikiona chini.

Hatari zipo. Msimu wa kusi, upepo wa baharini unaweza kumvusha barabara kuu ya Mombasa–Malindi na kumpeleka bara. Aidha, wapo kunguru wa asili ya India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kisha kuenea katika pwani ya Kenya, ambao humvamia ndege mgeni kwa makundi.

Anayemtafuta hahitaji umati wa vijana wenye mawe. Tundu liwekwe uwanjani, mlango ukiwa wazi na chakula akipendacho kikiwa ndani, naye aitwe na yule aliyezoea kumlisha, kwani kasuku huitikia sauti aijuayo. Jua likitua hutulia kulala. Mti huo ukumbukwe, na mwenyewe arudi kabla hapajapambazuka, maana asubuhi ndipo njaa humteremsha.

Wakati mwingine ndege hujirudisha kwa kinywa chake. Mnamo 2008, kasuku aitwaye Yosuke alitoroka nyumbani kwao Nagareyama, karibu na Tokyo, akakutwa juu ya paa la jirani. Mbele ya polisi hakutamka neno. Alipopelekwa kwa daktari wa mifugo, baada ya siku kadhaa akaanza kutaja jina lake na anwani ya nyumba, hata nambari, jinsi alivyofunzwa na waliomfuga. Kikambala, ambako nyumba nyingi hazina nambari, jina la mwenyeji na la msikiti wa karibu lingetosha.

Nchini Kenya, hata hivyo, wapo wamiliki wasiothubutu kutangaza kwamba ndege wao amepotea. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa mwituni, na sheria ya wanyamapori ya 2013 humtaka anayewafuga awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mwaka 2025 wamiliki walipewa muda wa msamaha ili wawasajili ndege wao. Asiye na kibali humtafuta kimyakimya, na jirani aliyemwokota hajui amrudishe kwa nani.

Aliyemwokota amfunike kwa kitambaa, kwa kuwa mdomo wake waweza kujeruhi kidole vibaya, kisha amweke kivulini katika kasha lenye matundu. Asome nambari ya pete iliyo mguuni, kama ipo, na kuiarifu ofisi ya KWS iliyo karibu. Ampe maji na embe au papai. Parachichi asimpe kamwe: kwa kasuku ni sumu.