Kumrejesha Bawabu wa Kompyuta

Wako watumiaji wa kompyuta wasiotosheka na mfumo endeshi mmoja, wakaweka Windows kwa kazi za ofisi na Linux kwa masomo au uundaji wa programu, yote miwili katika diski moja. Nao hukaa hivyo kwa raha mpaka siku waisimikapo Windows upya, ndipo kompyuta inapowaka na kuelekea Windows moja kwa moja, bila ya kuuliza wala kuonyesha dalili ya kuwa Linux iliwahi kuwamo. Hapo wengi hudhani kuwa kazi zao zimeangamia, wakafanya haraka kusimika Linux nyingine, na kwa haraka hiyo wakafuta kwa mikono yao kile ambacho hakikuwa kimeguswa.

Yapasa ifahamike kwamba mfumo endeshi haujiamshi wenyewe. Umeme unapoingia, hutangulia programu iliyohifadhiwa katika ubao mama, iitwayo BIOS au UEFI, kisha hiyo huikabidhi kazi programu ndogo ya kuwashia, ambayo ni mfano wa bawabu: humuuliza mwenye nyumba aingie chumba gani, akamfungulia. Kwa Linux bawabu huyo aghalabu ni GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Windows nayo ina bawabu wake, ambaye kwa desturi hatambui Linux.

Kabla ya tiba, sharti ijulikane kompyuta ni ya namna gani. Katika zile za zamani zitumiazo BIOS, bawabu hukaa katika baiti 512 za mwanzo wa diski, na kati ya hizo 446 tu ndizo zake, na Windows isimikwapo huandika juu yake. Katika zile za UEFI, kila mfumo una saraka yake ndani ya sehemu ndogo ya diski, na zamu ya kuwasha huandikwa katika kumbukumbu ya ubao mama. Basi mara nyingi GRUB ingalipo salama, ila imepokonywa zamu, na dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya UEFI na kuitanguliza.

Ikiwa hilo halikufaa, iwashe kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, kwa namna ile ile ya BIOS au UEFI iliyotumika awali, ukachague kuijaribu bila ya kuisimika. Ipachike sehemu ya Linux kwenye /mnt, na kwa UEFI ile sehemu ndogo kwenye /mnt/boot/efi. Ziunganishe saraka za /dev, /proc na /sys ndani ya /mnt. Ingia ndani kwa amri ya chroot, kisha utoe grub-install na baadaye update-grub. Kwa BIOS, taja diski nzima, kama /dev/sda, wala si sehemu yake. Windows isipoonekana katika orodha, ujue kuwa tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 GRUB haitafuti mifumo mingine ila kwa idhini; andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili /etc/default/grub, kisha urudie update-grub.

Basi, msomaji, mkasa huu ukikufika, tumia flashi hiyo hiyo kunakili kwanza faili zako mahali pengine, uwe na ufunguo wa BitLocker ikiwa Windows yako imefungwa kwayo, na usikubali kamwe kufuta diski nzima kwa sababu ya bawabu aliyepotea.