Mabishano ya Nyamigogo juu ya Picha za Kutisha

Mwezi huu twapenda kuwaletea habari ya mashindano ya maneno yaliyotokea hapa kwetu Nyamigogo, katika Wilaya ya Biharamulo, Jumapili moja alasiri, chini ya mwembe. Hayakuwa mashindano juu ya siasa wala juu ya mipaka ya mashamba. Yalikuwa juu ya picha za sinema, zile ziitwazo za kutisha, ambazo ndani yake wafu hutoka makaburini, na majini huvaa sura za wanawake wazuri, na wachawi hutembea usiku. Msomaji atasema, "Hilo ni jambo la watoto." Hata sisi twalidhani hivyo tulipoketi kusikiliza. Lakini kabla ya jua kuzama twalijua ya kuwa jambo lile latuhusu sote, wakubwa kwa wadogo.

Kwanza yafaa tueleze picha hizo huonyeshwa wapi. Kila mkaaji wa vijijini akijua kibanda umiza: nyumba ya mabati au ya turubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, watu wamebanana hata hewa haipiti, na kiingilio cha shilingi mia chache. Jina lenyewe laeleza yale yazipatayo mbavu za waketio humo. Mchana huonyeshwa mpira, na usiku huonyeshwa picha. Na kwa kuwa nyingi za picha hizo zatoka nchi za nje, wako watu ambao kazi yao ni kutia maneno ya Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, wakieleza kisa na kuongeza mizaha yao. Aliyepata sifa sana kwa kazi hiyo hapa Tanzania ni Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika katika vibanda vingi kuliko vile ambavyo yeye mwenyewe angeweza kuvifikia kwa miguu.

Wala wasomaji wasidhani ya kuwa sinema ililetwa kwetu jana. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilianza jaribio la kutengeneza picha kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki, na Baraza la Kimataifa la Misheni lilikuwa na mkono katika jambo hilo. Wasimamizi walikuwa Notcutt na Latham. Hata mwaka 1937, jaribio lilipokwisha, walikuwa wametengeneza picha zipatazo 35, nyingine juu ya safura, nyingine juu ya kuweka fedha akiba, nyingine juu ya kodi, nao walizichukua kwa gari na kuzionyesha katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Watu wale walitaka kujua picha humfanya nini mtu aitazamaye. Swali hilo ndilo lililotushika sisi chini ya mwembe.

Aliyeanza kusema alikuwa kijana mwendesha bodaboda, mtu asiyekosa kibandani hata usiku mmoja. Alisema, "Mimi nazipenda picha za kutisha kwa sababu zanipa hofu isiyo na deni. Moyo waenda mbio, jasho lanitoka, kisha taa yawashwa najiona mzima, nacheka na wenzangu. Na katika picha hizo za Wazungu ndio wenye ufundi. Wao hawaonyeshi jini upesi. Huonyesha mlango, kisha mlango, kisha mlango, hata wewe mwenyewe umwombe jini atokee upumzike. Na sauti ndiyo nusu ya hofu. Zima sauti utazame, utacheka."

Fundi cherehani mmoja akamjibu, "Ndugu yangu, jini wa Ulaya hanitishi hata kidogo. Hajui njia ya kuja Biharamulo. Mimi nazitaka picha zetu." Akataja Nsyuka, ambayo jina lake limetoka katika lugha ya Wanyakyusa, na Shumileta ya mwaka 2005, zote mbili kazi za Mussa Banzi wa Dar es Salaam. Akasema, "Ufundi wake waweza kuwa mdogo, vyombo vyake havikuwa vya fedha nyingi, lakini shetani asemaye Kiswahili na kupita katika uchochoro kama wangu, huyo anajua nilalapo." Mwingine akadakia, "Usiogope basi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha!" Watu wakacheka sana, na mabishano yakapata moto.

Ndipo mama mmoja, mke wa mwalimu, akasimama. Alisema, "Ninyi mwasema habari ya ufundi, nami nasema habari ya mtoto wangu. Tangu alipoingia kibandani hataki kwenda kisimani jioni, na usiku alowanisha kitanda, naye ana miaka minane." Akatukumbusha ya kuwa nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ambayo kazi yake mojawapo ni kupanga picha kwa umri wa watazamaji. Lakini kibandani, alisema, umri wa mtoto hupimwa kwa kiingilio alichoshika mkononi. Mumewe akaongeza ya kuwa Waingereza, mwaka 1937, waliweka herufi H juu ya picha za namna hii, na mtoto chini ya miaka 16 hakuruhusiwa kuziona katika nyumba za sinema. Mama yule akauliza, "Kama wao waliufunga mlango kwa ajili ya watoto wao, sisi twauacha wazi kwa nini?" Mwenye kibanda alikuwapo, akainamisha kichwa asijibu neno.

Mzee mmoja akaomba ruhusa. Alisema, "Wanangu, hofu ya usiku si ya televisheni. Sisi tulipokuwa watoto tulisimuliwa habari za majitu yaliyomeza vijiji vizima pamoja na mbwa wake. Tulitetemeka. Lakini aliyetusimulia alikuwa bibi, nasi tuliketi karibu naye hata tukaligusa vazi lake. Alipoona mtoto amezidi kuogopa alilipunguza jitu, na mwisho alilipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Ninyi mwawapa watoto jitu, lakini bibi hayupo." Maneno hayo yaliingia katika mioyo ya wengi, nasi twaliyaandika mara moja.

Sasa twafika penye neno lililotufanya tuandike habari hii. Mzee alipokwisha kusema, mama mmoja mkongwe, aliyekaa peke yake juu ya mkeka nyuma ya watu, alisema bila kusimama, "Mjukuu wangu hanywi uji wangu. Leo siku ya nne." Tukamwuliza, "Bibi, ni mgonjwa?" Akajibu, "Si mgonjwa. Ameona kibandani mchawi, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ampa mtoto chakula. Amerudi nyumbani akanitazama machoni."

Watu wakanyamaza kimya, wala hapana aliyecheka. Sababu ya kimya kile kila mtu wa Kanda ya Ziwa aijua. Katika mikoa yetu hii wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yamepata wekundu kwa moshi. Mtu aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, au kwa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa penye upungufu wa kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake hayawezi kuwa meupe. Lakini mganga wa ramli hasemi habari za moshi. Yeye humtaja jirani. Kadhalika watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao; na mwaka 2024, katika mkoa wetu huu wa Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa. Tangu mwaka 1928 iko sheria juu ya uchawi, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli. Lakini sheria haifiki ndani ya moyo wa mtu aogopaye usiku.

Wala jambo hili si la bara peke yake. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilishikwa na hofu ya popobawa, pepo aliyesemwa kuwashambulia watu vitandani mwao. Watu wakalala nje makundi makundi, wakikesha kwa moto. Na katika hofu ile mtu mmoja, ambaye akili yake ilikuwa na ugonjwa, alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akauawa na watu. Pepo hakukamatwa, aliyekufa ni mgonjwa.

Twapenda kusema kweli: hatukuona ushahidi ya kuwa picha ya sinema ndiyo iliyowaua watu hao. Imani hizo zilikuwapo kabla ya televisheni, na mikono iliyoua ni ya wanadamu. Lakini uvumi hutafuta sura. Mtoto akionyeshwa mara kumi ya kuwa sura ya uovu ni uso wa mwanamke mzee maskini, siku atakapokuwa kijana na ng'ombe wake wakafa, atajua pa kutazama.

Ndipo mwalimu, mume wa mama yule, akasimulia habari ya picha moja ya Marekani ya mwaka 1968, iliyotengenezwa na George Romero, ambayo wapenda picha za kutisha huihesabu miongoni mwa zilizo kuu. Ndani yake wafu wanafufuka na kula watu. Mtu mmoja mweusi, aliyechezwa na Duane Jones, anajifungia katika nyumba pamoja na wengine, anapigana usiku kucha kwa akili na ushujaa, hata anabaki yeye peke yake. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki kuwaua wale wafu. Yule mtu akichungulia dirishani, nao wakimwona kwa mbali, wanadhani ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi, anakufa. Mwalimu akasema, "Picha ile yatisha kupita kiasi, wala si ya watoto. Lakini mtu mzima akitoka pale haendi kumwogopa jirani yake. Aogopa asije yeye mwenyewe akawa mmoja wa wale wenye bunduki."

Mwendesha bodaboda akapinga, kama ilivyo haki yake: "Basi, Mwalimu, wataka kila mchawi wa picha awe kijana mwenye macho meupe? Picha itakosa ladha." Mwalimu akajibu, "Sitaki hivyo. Nataka tuzipime picha kwa swali moja. Ukitoka kibandani gizani, wamwogopa nani? Kama waogopa giza, litapita. Kama waogopa ubaya ulio ndani yako, umefaidika. Lakini kama wamwogopa bibi yako, kiingilio chako kimekugharimu zaidi ya fedha." Wengi wakakubali, ingawa mama yule hakuacha neno lake ya kuwa watoto wasiingie kabisa, nasi twaona ana haki. Mwenye kibanda akaahidi mbele ya watu kuwazuia watoto saa za usiku. Ahadi hiyo tumeiandika hapa ili isisahauliwe.

Watu walipotawanyika, sisi na mwalimu twalifuatana na bibi yule hata nyumbani kwake. Tulipokwisha kumwamkia mzee wa nyumba, twalimwita mjukuu, mtoto wa miaka tisa, tukamwomba atuwashie moto wa chai. Kuni zilikuwa mbichi, kwa kuwa mvua zilinyesha. Mtoto akainama akapuliza, akapuliza tena, moshi ukajaa jiko lote, machozi yakamtoka. Moto ulipowaka, mwalimu akampa kioo kidogo. Akajitazama kitambo. Hakusema neno. Lakini bibi alipomimina uji, mtoto akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa nusu yake, nusu nyingine akaiweka chini. Bibi akasema, "Nusu yatosha kwa leo."

Usiku ule tulikumbuka wanafunzi waliokuwa katika chombo ziwani, upepo ukiwapiga, wakamwona mtu akija gizani wakapiga kelele wakidhani ni kivuli cha mfu. Naye ndiye aliyekuja kuwasaidia. Hofu haijui kutofautisha sura.

Basi, wazazi na waalimu, twawaombeni mambo matatu. Jueni watoto wenu waliko jioni. Mtoto aliyekwisha kuona picha ya kutisha msimcheke wala msimpige, ketini naye karibu na moto, mwulizeni, "Umemwogopa nani?" na mmsikilize hata mwisho. Na wenye macho mekundu katika nyumba zenu, watafutieni kuni kavu, mkatoboe dirisha katika jiko.