Bwana DC Alipofunga Mizigo Kusini

Boma la Mikindani linatazama ghuba kutoka kilimani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, Waingereza wakalirithi, na DC, yaani mkuu wa wilaya, akaketi humo akikusanya kodi na kukata kesi. Leo ni hoteli. Mwenye fedha zake analala pale ambapo babu yake alisimama kofia mkononi.

Kusini hakukuwa mahali pepesi kwa maofisa hao. Mto Rufiji ulipofurika, barabara ya Dar es Salaam ilikatika. Tena utawala wao ulitaka mtemi wa kupitishia amri, na kwa Wamakonde hakukuwa na mtemi. Walikuta wakulungwa, kila mmoja na watu wake, hakuna wa kumwamrisha mwenziwe. Wakawajaribu hao, mambo hayakwenda, mwishowe wakaweka maliwali, watawala wa kuteuliwa. Ikaja karanga ya Nachingwea, sehemu ya mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza: London ilipokata tamaa mwaka 1951, mradi mzima ulikuwa umeteketeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hiyo, ilifunguliwa 1954, karanga yenyewe haipo.

Julai 1958 alifika gavana mpya wa Tanganyika, Sir Richard Turnbull, akitokea Kenya ya Mau Mau. Mtangulizi wake, Twining, alikuwa amekibeba chama cha UTP ili kuizuia TANU, chama cha Nyerere. Mwaka huohuo Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa kuwakashifu ma-DC wawili. Watu walitegemea mkono wa chuma. Turnbull akachagua kuzungumza na Nyerere, na Desemba 9, 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa bila damu. Nadhani alikwishaona Kenya gharama ya njia ile nyingine. Baadaye alipelekwa Aden, kwenye moto halisi, akaondolewa mwaka 1967 kabla kazi haijaisha.

Ma-DC waliokuja wakidhani wameajiriwa hadi uzeeni walilipwa fidia ya kazi iliyokatika, wakapanda meli. Wachache walibaki. Mwaka 1962 vyeo vya juu vya mikoa na wilaya vilikabidhiwa kwa watu wa TANU, na mwaka huo kijana wa Lupaso, Masasi, aliyetoka Makerere, alianza kazi ya ofisa tawala Dodoma: Benjamin Mkapa.

Waingereza hao waliandika. Barua, shajara na kumbukumbu zao nyingi zimehifadhiwa Oxford, kwa Kiingereza na kwa macho yao. Tarishi aliyetembea na barua ya DC kutoka Newala hadi ukingoni mwa Ruvuma hakuandika. Karani hakuandika, wala askari wa boma, wala mama aliyeteremka bondeni kutafuta maji kwa sababu uwanda wa juu wa Makonde hauna chemchemi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya uhuru sasa amepita 80. Kama yuko nyumbani kwenu, kaa naye jioni hii, umwachie aseme, nawe uandike.