Istilahi za Chembe za Metali Majini: Kuyeyuka, Kuganda au Kugandamana?

Mfasiri wa habari za chembe za dhahabu zilizomo majini huvutwa na vitenzi viwili vya kawaida: kuyeyuka na kuganda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini vyote viwili humpotosha msomaji, na kupendekeza vingine.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mnamo mwaka 1857 Michael Faraday alieleza huko London kwamba dhahabu iliyogawanyika katika chembe ndogo mno huyapa maji rangi nyekundu. Chembe za namna hii, zenye kipenyo cha kati ya nanometa 1 na 100, huitwa nanochembe. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Zikitengenezwa kwa sitrati, yaani chumvi ya asidi ya limau, nyuso zake huwa na chaji hasi. Kwa kuwa chaji za aina moja hufukuzana, chembe hubaki mbalimbali.

Sasa tutie polima yenye chaji chanya, yaani molekuli ndefu mfano wa mnyororo ambao pingili zake hubeba chaji. Polima hiyo hunata juu ya chembe. Ikiwa kidogo, mnyororo mmoja huweza kushika chembe mbili au zaidi; chembe husogeleana, na rangi nyekundu hugeuka buluu. Ikiwa nyingi, kila chembe huvikwa polima pande zote, chaji ya uso huwa chanya, na chembe hufukuzana tena.

Tukisema dhahabu "imeyeyuka", msomaji atafikiria tanuri la sonara au chumvi iliyopotea majini, kumbe kila chembe ingali dhahabu yabisi. Tunapendekeza "kutawanyika", na nomino yake "mtawanyiko". Tukisema chembe "zimeganda", atafikiria barafu, kwani habari ni ya maji. Mwanafunzi akijibu katika mtihani kwamba maji yalipoa hata yakaganda, atakuwa ameifuata lugha tuliyompa. Tunapendekeza "kugandamana", ambapo kiambishi cha kutendana chaonyesha kuwa chembe hushikana zenyewe kwa zenyewe. Nomino yake iwe "mgandamano", nayo isichanganywe na "mgandamizo".

Tutashukuru kupata maoni ya walimu na wafasiri watakaoyajaribu maneno haya katika kazi zao.