Utafiti wa mlo wenye wanga kidogo: mwananchi aupimeje?

Na Mwandishi Wetu, Mkiwa – Singida

Katika kaya nyingi za Mkiwa, wilayani Ikungi, ugali wa mtama, uwele au mahindi ndio chakula kikuu. Hivyo, ujumbe unaosambazwa kwa simu kwamba "utafiti umethibitisha" kuacha wanga kunapunguza uzito na kuponya kisukari unagusa sahani ya familia, na kwa mgonjwa unaweza kugusa uhai wake. Kabla ya kuufuata, mwananchi anashauriwa kujiuliza maswali matatu.

Kwanza, utafiti ulifanyikaje? Utafiti wa PURE, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe. Ulibaini kuwa waliokula wanga kwa wingi zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hata hivyo, watafiti hawakumpangia mtu mlo. Huenda aliyekula wanga mwingi alikosa kipato cha kununua chakula kingine, na umaskini wenyewe hufupisha maisha.

Pili, mlo huo ulilinganishwa na upi? Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichapisha jaribio la watu wazima 609 wenye uzito uliozidi, waliogawanywa kwa kura. Baada ya miezi 12, waliokula wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, na waliokula mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Makundi yote mawili yalishauriwa kupunguza sukari na unga uliokobolewa.

Tatu, tafiti nyingine zinasemaje? Mwaka 2022, uchambuzi wa Cochrane ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ulijumuisha majaribio 61 yenye washiriki 6,925. Ulionesha kuwa, kwa kipindi cha hadi miaka miwili, mlo wenye wanga kidogo na mlo wenye wanga wa wastani huenda havitofautiani, au hutofautiana kidogo tu, katika kupunguza uzito.

Kwa hiyo, kupunguza sukari na kuchagua dona badala ya sembe kuna msingi. Kuacha dawa hakuna. Aidha, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla, kwani sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Afike kwanza kituo cha afya akiwa na dawa zake, ili mtaalamu apime na kurekebisha dozi.