Goma: Kabla ya kufunga filtri ya mashindano kwenye Lexus, piga hesabu ya vumbi

Lexus IS 250, Toyota Mark X, Mercedes C-Class: magari haya madogo ya kifahari yanafika Goma na Bukavu baada ya safari ndefu kutoka Japani au Ulaya, mengi yakipitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Mwenye gari akishamaliza mambo ya duane na plake, lalamiko lake la kwanza mara nyingi ni lilelile: gari halivuti kama alivyotarajia. Na dawa ambayo wengi wanashauriwa ni kununua mfumo mpya wa kuingiza hewa, yaani bomba la alumini linalong'aa lenye filtri nyekundu ya umbo la pia.

Kifurushi kizuri cha aina hiyo mara nyingi kinapita dola 200 huko kinakotengenezwa, kabla ya usafiri na ushuru. Je, kinarudisha nguvu? Na katika mji ambao barabara zake nyingi ni za mawe meusi ya volkano, je, kinalinda injini au kinaiua polepole?

Nguvu imebaki pwani

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Injini isiyo na turbo hunyonya hewa kama inavyoikuta, kwa hiyo hupoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu.

Chukua Lexus IS 250 iliyotolewa kuanzia mwaka 2005. Injini yake ni V6 ya lita 2.5, yenye nguvu za farasi 204 hivi. Hesabu hiyo imefanywa kwa hewa ya usawa wa bahari. Ikifika Goma, inabaki na farasi 175 hivi, hata ikiwa mpya kabisa. Hakuna kilichoharibika. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, hasara ni ndogo kidogo. Kisangani, mji ulio chini zaidi, gari hilohilo litaonekana limepona.

Bomba jipya haliwezi kurudisha farasi hao, kwa sababu haliwezi kuongeza uzito wa hewa ya mji. Kinachoweza kufanya hivyo ni turbo au kompresa ya injini, ambayo inashindilia hewa kabla haijaingia. Ndiyo maana gari lenye turbo halichoki sana milimani.

Basi bomba jipya linaleta nini? Linapunguza kizuizi kidogo kwenye njia ya hewa. Kwa injini isiyo na turbo ambayo haijaguswa kwingine, faida mara nyingi ni farasi wachache tu, tena injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Kile ambacho kila mtu atakisikia ni sauti. Mngurumo unaongezeka, na sikio linaambia kichwa kwamba gari limepata nguvu. Kupenda sauti si kosa, lakini mnunuzi ajue kwamba sauti ndiyo anayolipia.

Boksi la kiwandani si upuuzi

Wengi wanadhani boksi jeusi la plastiki linaloshika filtri ya karatasi liliwekwa ili kupunguza gharama tu. Si kweli. Kwa kawaida mdomo wake unachota hewa mbele ya gari, karibu na radiatori, mbali na joto la injini. Mfuniko wake umefungwa ili hewa yote ipite kwenye filtri.

Joto lina uzito katika hesabu hii. Hewa ya digrii 50 ni nyepesi kuliko ya digrii 20 kwa asilimia 9 hivi. Filtri ya wazi iliyowekwa ndani ya kapo, karibu na injini, inanyonya hewa hiyo ya moto kila gari linaposimama kwenye msongamano. Mtu anaweza kununua farasi watano na kupoteza zaidi ya hao akiwa bado kwenye foleni ya rond-point.

Aina nne sokoni

Ya kwanza ni filtri ya kubadilisha tu: inaingia ndani ya boksi lilelile la kiwandani. Ni ya bei ya chini, na haibadilishi kitu kingine.

Ya pili ni bomba fupi lenye filtri ya wazi ndani ya kapo. Ni rahisi kufunga, ina sauti kubwa, na ndiyo inayonyonya joto kuliko zote.

Ya tatu ni bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa, kutafuta hewa ya baridi. Kwa nadharia ni nzuri. Lakini huku kwetu mvua kubwa ikinyesha, maji hujaa barabarani kwa dakika chache, na filtri hiyo iko karibu kabisa na ardhi. Injini ikinyonya maji, habari imekwisha: maji hayashindiliwi kama hewa, na biele, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na mhimili wa injini, hupinda au kuvunjika. Ajali hiyo inatokea kwa sekunde moja.

Ya nne ni mfumo wa boksi lililofungwa: bomba pana zaidi na filtri kubwa zaidi, lakini ndani ya boksi lenye mfuniko, linalochota hewa mbele ya gari. Ni ghali kuliko nyingine na sauti yake ni ya upole. Kwa mtu anayetaka kubadilisha kweli, hii ndiyo inayofaa mazingira yetu.

Lita elfu kumi kwa kila lita

Sasa tufike kwenye vumbi. Injini ya esansi inachoma kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya esansi. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa lita, kila lita ya esansi inayoungua hapa kwetu inahitaji lita zaidi ya 10,000 za hewa. Tanki la lita 60 ni lita 600,000 za hewa iliyopita kwenye filtri moja.

Hewa hiyo inachotwa wapi? Kwa mwenye gari anayepita kila siku Ndosho, Mugunga au Majengo, inachotwa nyuma ya lori, katika wingu la unga wa mawe ya volkano. Unga huo ni mgumu na una ncha. Ukivuka filtri unachanganyika na mafuta ya injini na kuwa kama msasa. Unakula kuta za silinda na segma, zile pete za pistoni. Dalili huja baadaye: mafuta yanapungua, moshi wa bluu unatoka nyuma, nguvu inashuka. Wakati huo bomba linalong'aa halisaidii tena.

Filtri za pamba iliyolowekwa mafuta zimejengewa jina na kampuni kama K&N ya Marekani. Sifa yao ni kwamba hewa inapita kwa urahisi na filtri inaoshwa na kutumika tena. Lakini urahisi wa kupita una upande wake wa pili: kitu kinachopitisha hewa kwa urahisi kinahitaji kazi zaidi ili kikamate vumbi dogo sana. Filtri nzuri ya karatasi inakamata vumbi hilo vizuri, na kadiri inavyoanza kuchafuka ndivyo inavyolikamata zaidi, mpaka ifike kiasi cha kuziba na kubadilishwa. Kwenye barabara ya lami safi tofauti haionekani. Kwenye barabara ya Sake au Rutshuru wakati wa kiangazi, inaonekana.

Kuna pia suala la ufuaji. Filtri ya pamba inataka sabuni yake maalumu, ikauke yenyewe, kisha ipakwe mafuta yake kidogo tu. Ikikosa mafuta, inapitisha vumbi. Ikizidishiwa, mafuta yanasafiri na hewa hadi kwenye kapta.

Kapta: waya mdogo, matatizo makubwa

Baada ya filtri kuna kifaa kinachopima hewa inayoingia, ambacho mafundi wanakiita kapta ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inajua kiasi cha esansi cha kumwaga. Waya ukipakwa mafuta au vumbi, unadanganya. Gari linakula esansi, linatetemeka likisimama, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Upana wa bomba nao unahusika. Kompyuta imepangwa kwa bomba la kiwandani. Ukihamishia kapta ileile kwenye bomba lenye upana tofauti, kipimo kinabadilika hata kama kapta ni safi. Ndiyo sababu bomba la kukata na kuchomelea, au lile linaloandikwa kwamba linaingia kwenye magari yote, ni hatari kwa gari la aina hii.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kwanza, je, kifurushi hiki kimetengenezwa kwa gari langu, injini yangu na mwaka wangu? Jibu liwe kwenye kartoni, siyo mdomoni.

Pili, je, filtri imepimwa kwa kipimo cha ISO 5011? Hicho ndicho kipimo cha kimataifa cha filtri za hewa za injini. Kinaonyesha filtri inakamata vumbi asilimia ngapi, inabeba vumbi gramu ngapi na inazuia hewa kiasi gani. Mtengenezaji wa kweli anaweza kutoa namba hizo. Anayetangaza farasi peke yake, bila neno juu ya vumbi, amejibu tayari.

Tatu, filtri itakaa wapi? Ikiwa wazi karibu na injini, au chini karibu na ardhi, fikiria tena.

Nne, sabuni na mafuta ya kuitunza yanapatikana hapa mjini? Kama hayapatikani, filtri ya karatasi ni salama zaidi.

Tano, naweza kurudisha boksi la zamani? Usiliuze wala kumwachia fundi. Siku ya kuuza gari, mnunuzi mwenye akili ataliuliza.

Anza na dola chache

Kabla ya hayo yote, fungua boksi ulilonalo. Magari mengi ya okazio yanakuja na filtri iliyochoka, mfuniko wenye klipu zilizovunjika, au bomba la mpira lililopasuka. Badilisha filtri kwa karatasi mpya ya kweli na hakikisha mfuniko unafunga pande zote. Usikubali filtri ya karatasi ipulizwe kwa kompresa kali au ioshwe kwa esansi. Karatasi inatoboka matundu yasiyoonekana, na kila tundu ni mlango wa vumbi.

Kisha fanya jaribio lisilo na gharama. Baada ya kilomita 500, fungua bomba upande wa baada ya filtri na pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na unga, hewa inapita mahali pasipostahili, iwe mfumo ni wa kiwandani au wa dola 300. Ukiwa umefunga mfumo mpya, mwombe fundi mwenye skana aangalie marekebisho ya esansi yanayofanywa na kompyuta. Yakipita asilimia 10 juu au chini, kapta haipimi sawa.

Kwa Lexus, Mark X au gari lingine lisilo na turbo linalotembea Goma na Bukavu, uchaguzi wenye faida ni filtri mpya ya karatasi ndani ya boksi la kiwandani lililofungwa vizuri, ikibadilishwa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya barabara za lami. Anayetaka zaidi anunue mfumo wa boksi lililofungwa, uliotengenezwa kwa gari lake. Filtri ya wazi iachiwe magari ya mashindano, ambayo injini zake hufunguliwa na kutengenezwa upya mara kwa mara.